Kadi Isiyo na Gundi

Siwema alikaa uani na mkasi wake mdogo. Mbele yake kulikuwa na karatasi za zawadi zilizobaki arusini kwa shangazi.

Moja ilikuwa ya maua. Moja ya madoadoa. Moja ya mistari.

Kesho alfajiri dada yake, Zuhura, angekwenda shule ya bweni. Siwema alitaka kumpa kadi. Lazima iwe tayari leo.

Zuhura aliita kutoka chumbani. "We Siwema! Mbona kimya? Unafanya nini huko?"

"Sifanyi kitu, dada!"

"Ukisema hivyo, najua kuna kitu."

Kri, kri, kri. Mkasi ukakata maua. Gundi ilikuwa ugali uliopondwa kwa maji. Siwema akapaka, akabandika, akaianika kadi juani.

Kuku mweupe akaja. Do! Do! Do! Akadonoa gundi. Akadonoa maua. Kadi ikabaki matundu.

"Mama! Kuku amekula kadi yangu!"

Mama alikuwa akipiga pasi sare za Zuhura tangu mchana. Hakuinua kichwa.

"Umebandika kwa ugali, mwanangu. Kuku afanyeje? Ameona chakula."

Siwema amechoka. Na kadi bado.

Kri, kri, kri. Mkasi ukakata madoadoa. Safari hii Siwema aliiweka kadi juu, dirishani. Kuku hafiki.

Sisimizi wakafika. Mmoja. Wawili. Foleni nzima. Nyata, nyata, nyata.

Siwema akapuliza. Fuuu! Sisimizi hawakuondoka. Akaikung'uta kadi. Madoadoa yakabanduka, yakaanguka chini.

"Mama, sisimizi nao!"

"Wamesikia kwetu kuna karamu," mama akasema. Akaketi kwenye kigoda, akanyoosha miguu. "Pumzika kidogo, mwanangu. Hata mimi sina nguvu."

Siwema amechoka. Na kadi bado.

Jua lilikuwa linazama. Siwema akajilaza kwenye mkeka. Alitaka kulia, lakini kulia nako ni kazi.

Shavu lake lilikuwa juu ya mkeka. Jicho lake lilikuwa karibu kabisa. Akaona ukindu mmoja unapita juu. Unapita chini. Juu tena. Chini tena.

Akakwaruza kwa ukucha. Hakuona gundi.

"Mama, mkeka huu umebandikwa kwa gundi gani?"

"Haukubandikwa. Umesukwa. Kila ukindu unamshika mwenzake."

Siwema akaketi.

Kri, kri, kri. Akakata karatasi ya mistari, vipande virefu. Akakata maua yaliyobaki. Akakata madoadoa yaliyobaki.

Kisha akaanza kusuka. Juu, chini. Juu, chini.

Kipande kimoja kikachomoka. Akakirudisha. Vidole vilikuwa vizito. Juu, chini. Juu, chini.

Mwishowe akakunja ncha zote. Akaiinua kadi. Akaitikisa. Hakikuanguka hata kipande.

Kuku mweupe akaja. Akatazama kwa jicho la kulia. Akatazama kwa jicho la kushoto. Akaenda zake kulala.

Siwema amechoka. Kadi tayari!

Usiku ukaingia. Siwema na Zuhura wakapanda kitandani. Sanduku la Zuhura lilikuwa mlangoni, limefungwa.

"Dada, shika."

Zuhura akaishika kadi. Akapitisha kidole juu ya maua, juu ya madoadoa, juu ya mistari.

"Imeandikwa nini?" akauliza.

Siwema alikuwa bado hajui kuandika. Akafikiri.

"Imeandikwa, usikae sana."

"Basi?"

"Na imeandikwa, upande wako wa kitanda halali mtu."

"Hata wewe?"

"Mimi nitalala kidogo tu. Nikiulinda."

Zuhura akacheka. Kisha akapangusa macho kwa shuka.

"Likizo nitarudi, Siwema. Umesikia?"

Siwema alikuwa amelala, na mkono wake ulikuwa umemshika dada.