Ukuta wa Waliongoja

Kitendawili! Haya, nimesikia mmesema tega, natega. Nina watoto ishirini na wanne, wamesimama mstari mmoja. Hawakui, hawazeeki, hawapishani. Wa kwanza hajawahi kungoja, wa mwisho hajawahi kutangulia. Ni nini?

Fikirini taratibu, mie sina haraka.

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Singida? Nimeupokea. Nimekwenda Singida, si hii mnayoijua, ni ile itakayokuwapo wajukuu zenu wakishaota mvi. Nimekula kuku wao, nimenawa mikono, nikaona mashine. Jibu mtalikuta hukohuko.

Mashine yenyewe iliitwa Mpangamajina. Ilisimama ndani ya jengo la duara lenye ghorofa tisa, nayo ilikuwa na mikono arobaini myembamba iliyopanda na kushuka mchana kutwa bila kugongana. Zamani kidogo dhoruba ya jua ilikuwa imefuta kumbukumbu za kompyuta zote kwa siku moja. Watu waliamka hawana vyeti vya kuzaliwa, hawana hati za viwanja, hata ndoa hazijulikani. Tangu hapo mji ukaamua kila mtu aandikwe kwenye kigae. Kigae kilikuwa chembamba kama ganda la yai, ukubwa wa kiganja. Juu kilichongwa jina, chini yake zikafuata nukta ndogondogo zilizobeba maisha yote ya mtu, na nukta hizo aliweza kuzisoma Mpangamajina peke yake. Mtoto akizaliwa mtaa wa Kindai asubuhi, kabla ya adhuhuri kigae chake kimeshafika. Mkono unakipokea, unakiinua, unakiteremsha katikati ya jirani zake wawili, Azgadi huku na Aziza kule. Tak! Basi, mtoto kaingia mjini.

Watu walikuwa wakienda kuisikiliza tu hiyo tak, tak, kama watu wanaosikiliza mvua juu ya bati.

Aliyeibuni ni Mhandisi Asteria Njiku. Wakati wa hadithi hii alikuwa amestaafu, anafuga kuku na kumwagilia alizeti zake uani. Kila Jumamosi alikwenda kumtazama rafiki yake, Zamoyoni binti Mrisho, ambaye figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa.

Kwa kufa figo peke yake, mtu wa enzi hizo asingelia. Palikuwa na Shamba la Viungo nje ya mji, ambako figo zilioteshwa ndani ya mitungi ya kioo kama watu wanavyootesha uyoga. Ila figo moja ilichukua miezi mitano kukomaa, na wanaohitaji walikuwa wengi kuliko mitungi. Kwa hiyo nani atangulie aliamua Mpangamajina, maana ndiye aliyekuwa na vigae vya wote.

"Namba Moja, umefika," alisema Zamoyoni. Alikuwa kwenye kiti chake, mrija wa kichuja-damu umeingia mkononi.

"Nimefika, Mkia wangu. Umeshindaje?"

Hayo ni majina ya shule. Mwalimu wao wa darasa la kwanza aliita mahudhurio kwa alfabeti, akaanza na Asteria, akamaliza na Zamoyoni. Na uji uligawiwa kwa mpangilio huohuo. Asteria alipata uji wa moto, Zamoyoni akapata ukoko. Mara nyingi Asteria alimbakizia.

"Nimeshinda na gauni la safari," alisema Zamoyoni. "Walinipigia juzi kwamba figo ipo. Nikavaa, nikajipaka mafuta, nikafunga na kilemba. Kufika mlangoni, samahani Mama, wewe ni wa pili. Imekwenda kwa Elizabeti."

"Pole, mwenzangu."

"Kabla yake alikuwa Hadija. Kabla ya Hadija, Bernadi. Mara saba nimekuwa wa pili, Asteria! Darasani kwenyewe sikuwahi kushika nafasi ya pili hata siku moja."

Walicheka wote. Kisha Zamoyoni akachukua kikombe cha maji, akanywa funda moja, akakiweka. Daktari alimruhusu vikombe viwili kwa siku, basi. Vilimtosha kama vile umande unavyomtosha ng'ombe.

"Wanatanguliza mwenye hali mbaya zaidi," alisema Asteria. "Kila mgonjwa anapewa alama, mpaka kumi."

"Hilo najua. Mimi nina tisa. Elizabeti naye tisa, nilimuuliza. Hadija tisa. Sasa tukilingana, nani anatupanga? Mbona Elizabeti kaanza kuugua mwaka huu, na mie huu wa tatu? Hata pale bombani enzi za mama zetu, aliyetanguliza ndoo ndiye aliyechota kwanza. Hakuna aliyeuliza ni ndoo ya nani."

Asteria alishtuka kama mtu aliyefika sokoni akakumbuka ameacha jiko linawaka.

"Nitauliza," alisema.

Jumatatu alikwenda kwenye jengo la duara. Msimamizi wa masjala alikuwa binti aitwaye Nyamizi, mchangamfu, miwani imepanda kwenye nywele.

"Shikamoo, Bibi! Leo mwenye mashine kaja mwenyewe."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kuona vigae vya waliokuwa wakingoja viungo."

"Waliopata au..."

"Ambao hawakupata."

Nyamizi aliacha kutabasamu. "Hao wako chini. Hatushuki sana, Bibi. Mpangamajina anawapanga mwenyewe."

Walishuka. Ukumbi ulikuwa na baridi na ukuta mmoja mrefu wenye rafu. Kila anayefariki kabla ya zamu yake kufika, mkono ulimteremsha hapa na kumpanga, herufi kwa herufi, kwa adabu ileile. Asteria alianza mwanzoni mwa ukuta. Kwenye A palikuwa na vigae vinne, vimeegemeana kama watu waliokosa basi. Kwenye B, sita. Akaendelea kutembea, kidole kinapita juu ya vigae. E, H, J. Vikaanza kubanana. M ilijaa. Kwenye R kidole hakikupata pa kupita. Na alipofika S, rafu ya zamani ilikuwa imekwisha, imeungwa nyingine, nayo ikaungwa nyingine, mpaka zikakunja kona na kuingia kwenye ujia ambao kwenye mchoro wake haukuwapo. Huko ndiko walikokuwa akina Tatu na Upendo, na Wande, na Yohana, na Zaituni.

"Kila mwaka anaomba rafu za kuongeza upande huu," alisema Nyamizi. "Nasi tunampa. Tulidhani majina ya upande huu ndiyo mengi."

"Na juu, kwa waliopata viungo na wako hai?"

Nyamizi alifikiri. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Juu inayojaa ni A."

Asteria alikaa kwenye ngazi. "Nisomee kanuni ya kulingana," alisema. "Imechongwa kwenye kigae chake chenyewe, nyuma ya mkono wa kwanza."

Nyamizi alikwenda, akakichomoa, akakisoma kwa kukisogeza kwenye taa. "Wakilingana alama, fuata alfabeti. Ni kwa muda tu, tutarekebisha." Akashusha miwani machoni. "Halafu kuna herufi mbili, A na N. Bibi, huyu ni..."

Alimtazama mgeni wake.

Ilikuwa Ijumaa, miaka thelathini na mmoja nyuma. Mashine ilikuwa inafunguliwa Jumatatu, na wenzake wameshavaa makoti. Mmoja akauliza mlangoni, wakilingana je? Asteria alikuwa na njaa. Akasema kulingana kutatokea labda mara moja kwa mwaka, weka alfabeti, haina upendeleo, tutarudi kuitazama. Hakuwaza kwamba alama kumi ni chache kwa mji wa watu laki sita, na kwamba watu wangelingana kila siku. Wala hakurudi kuitazama. Mashine ilisifiwa, akapewa nishani, maisha yakaendelea.

Alipotoka ukumbini, usiku huo Asteria aliandika barua. Kesho yake aliipeleka kwa kamati ya mji inayosimamia mashine. Kamati ilikaa, ikaahirisha, ikakaa tena. Siku kumi na moja zikapita, kisha kigae kipya kikachongwa: wakilingana, atangulie aliyeanza kungoja. Kama bombani.

Jina la kwanza kuitwa kwa kanuni hiyo lilikuwa Zamoyoni binti Mrisho.

Walimvalisha gauni la safari, wakampeleka, na safari hii mlango ukafunguka. Madaktari wakampima. Moyo ulikuwa umechoka kwa miaka mitatu ya kungoja, usingeweza kustahimili kisu. Figo ikapewa aliyefuata, kijana mmoja fundi cherehani aitwaye Yoramu, aliyengoja miaka miwili na miezi minane. Alipona. Hilo nalisema ili mlijue, kwamba alipona.

Jumamosi Asteria alimkuta Zamoyoni barazani kwake, hana mrija. Pembeni palikuwa na jagi la maji, limejaa, na jingine tupu.

"Hawana tena cha kunifanyia, wameniruhusu kunywa ninavyotaka," alisema Zamoyoni, akajimiminia kikombe na kukimaliza chote. Macho yalikuwa yanang'aa. "Jamani maji matamu! Na wewe kunywa, Namba Moja."

Asteria alipokea kikombe, hakunywa.

"Kitendawili," alisema Zamoyoni.

"Tega."

"Watoto ishirini na wanne, wamesimama mstari mmoja. Wa kwanza hajawahi kungoja, wa mwisho hajawahi kutangulia."

"Herufi."

"Umepata." Zamoyoni alijimiminia tena, polepole, akisikiliza maji yanavyoingia. "Nimelala hapa nikawafikiria hao watoto. Wenyewe hawana kosa, wamesimama walipowekwa. Ulisema utauliza nani katupanga. Uliuliza?"

"Niliuliza."

"Wakasemaje? Ni nani?"

Asteria aliweka kikombe chini. Alikuwa amebeba majina ya kamati, ya wizara, ya wenzake waliokwisha kufa, yote yapo mdomoni tayari. Akayameza moja moja. Akamshika Zamoyoni mkono, ule uliokuwa na alama ya mrija.

"Ni mimi, Zamoyoni," alisema. "Mimi ndiye niliyekupanga."