Aliyetaka Kubebwa

Begi lilikuwa tupu, lakini Zamda alishindwa kuliinua.

Aliinama tena, akashika mpini kwa mikono miwili, akavuta. Begi likakaa palepale katikati ya chumba kama limepigiliwa misumari sakafuni. Zamda akacheka peke yake, akajisemea kwamba uzee ndio huo umeingia bila hodi. Akafungua zipu atazame kama Najiat, binti wa kaka yake aliyeishi naye, ametia kitu humo. Ndani hamkuwa na kitu. Mlikuwa na harufu tu: ngozi mbichi, moshi wa kuni, na jasho la watu wengi waliotoka mbali. Begi lenyewe jipya, limenunuliwa juzi dukani kwa Popatlal, bado lina karatasi ya bei. Akalifunga. Alipolishika mara ya pili likanyanyuka jepesi kama ungo.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Siku zile nyumba ilikuwa na furaha, na hakutaka kuitia nzi.

Mwanawe wa pekee, Shamila, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Shamila ni nesi. Aliolewa na Anton, Mswisi aliyekuja Tabora kuchimba visima, akasilimu, lakini jina lake la zamani likamganda. Walihamia kwao Anton, juu kabisa ya milima ya Alpi, kijiji cha nyumba za mbao ambazo zote kwa pamoja hazifiki mtaa mmoja wa Ng'ambo, hapo Tabora. Mtoto wakamwita Sadiki, jina la marehemu mume wa Zamda. Zamda aliposikia jina hilo alilia, kisha akasema, "Nakuja. Hata kwa miguu."

Basi ikawa kila jioni yeye na Najiat wanakaa uani kupanga safari. Viza ilikwishatoka. Saroj, mke wa Popatlal, aliazimisha koti zito la sufi lililokuwa linanuka dawa ya nondo. Asali ya Tabora ilichujwa mara mbili, ikatiwa kwenye makopo.

"Shangazi, kule theluji inafika magotini," Najiat alimtania. "Na hizo ndara zako utatembeaje?"

"Mbuzi wao wanatembeaje?"

"Mbuzi wao wamezaliwa huko!"

Wakacheka mpaka jirani akauliza kulikoni.

Siku iliyofuata, jua likiwa utosini na Najiat yuko kazini kwenye duka la dawa, simu iliita.

"Mama, ni mimi," alisema Shamila. "Picha haiji leo. Mtandao wa huku milimani mbovu."

"Haidhuru, mwanangu. Sadiki hajambo?"

"Yupo."

Nyuma ya sauti ile zilisikika kengele, ndogondogo, nyingi, zikienda kwa mwendo wa pamoja. Zamda akauliza ni za nini.

"Ng'ombe, mama. Huku ng'ombe huvishwa kengele."

Kweli, aliwahi kuwaona kwenye picha. Akatulia.

"Nieleze utakavyokuja," sauti ikasema.

"Si wewe uliyenieleza?"

"Nieleze tena. Nataka nijue kama umeshika."

Zamda akaeleza: ndege, kisha treni, kisha basi dogo linalopanda mlima kwa kujipinda kama nyoka, kisha njia ya mawe kando ya kanisa, kisha nyumba yenye mlango wa buluu. Alipomaliza, akaulizwa chumba cha mtoto kiko upande gani.

"Wee Shamila! Nyumba si yako?" Zamda akacheka.

Upande wa pili haukucheka.

Tangu hapo simu ikawa inaita kila mchana, saa ile ile ambayo mtaa umelala, mbwa wamelala, hata kunguru wamenyamaza. Zamda akaanza kuisubiri. Alieleza yote aliyoulizwa: mtoto ananyonya mara ngapi, Anton anatoka saa ngapi kwenda kazini, nani anabaki. Hakujiuliza kwa nini mwenye nyumba aulize habari za nyumba yake. Siku moja sauti ikamwambia, "Ukifika mlangoni, mama, usiseme nimefika. Sema tumefika."

"Mimi na nani?"

"Wewe na mzigo."

Mwili wake ukaanza kuisha. Chakula kilimshinda. Bega la kulia likamuuma, na Najiat alipomkanda kwa mafuta ya nazi aliona ngozi imechubuka na kuota sugu, kama bega la mpagazi.

"Shangazi, umebeba nini?"

"Sijabeba kitu."

Lakini Najiat alikuwa ameona mengine. Begi waliliacha chumbani, asubuhi wakalikuta ukumbini limeelekezwa mlango wa mbele. Wakalirudisha, na mchana likawa palepale tena. Magurudumu yake yalikuwa na vumbi jekundu, na hakuna aliyekuwa amelitoa nje. Na ule mlio, kengele zile ndogondogo, Najiat naye aliusikia, siyo kwenye simu, bali ukumbini, ukipita kutoka ukuta hadi ukuta kama mtu aliyevaa njuga miguuni anatafuta pa kutokea.

Siku moja alirudi nyumbani mapema, saa ya adhuhuri. Alikuwa amechukua simu ya shangazi yake asubuhi bila kumwamsha, aipeleke kwa fundi, maana kioo kilikuwa kimepasuka. Alifungua mlango taratibu, akamsikia Zamda anaongea.

"Ndiyo, mwanangu. Usiku anaachwa peke yake chumbani, ndivyo desturi yao. Eeh, dirisha liko chini."

Najiat akasogea. Zamda alikuwa amekaa kitandani, amekunja kiganja cha mkono wa kulia sikioni. Kiganja kilikuwa kitupu.

"Shangazi," alisema kwa kunong'ona. "Unaongea na nani?"

"Na dada yako. Hebu msalimie."

"Simu yako ninayo mimi. Hii hapa."

Zamda akautazama mkono wake, akaugeuza, akatazama viganja vyote viwili, na wakati akiwa bado anavitazama ile sauti, sauti ya Shamila iliyo laini, ikaendelea na maneno yake pale ilipoachia, ila sasa haikutoka mkononi, ilitoka ndani ya begi lililosimama mguuni pake, ikauliza, "Dirisha lina komeo?"

Walitoka mbio, Zamda miguu mitupu. Barabarani Najiat alimpigia Shamila. Picha ikaja safi kabisa: Shamila jikoni kwake, mtoto begani, mlima mweupe dirishani nyuma yake.

"Mama? Mbona unahema? Sijakupigia tangu Jumapili, nisamehe, mtoto ana mafua."

Zamda akamtazama mtoto begani. Alikuwa amekitajia kile kitu njia yote.

Wakamwendea Bi Kuluthumu, mtaa wa Isevya. Alikuwa mwanamke mzito wa mwili na mwepesi wa hasira, aliyeuza ubani na dawa za majani, na asiyependa kuitwa mganga. Alikuja, akasimama kizingitini, akanusa, asiingie.

"Marehemu mama yako, alipokwenda Hija," alimwuliza Zamda, "mzigo wake aliufungia wapi?"

Zamda akafikiri. "Kwa jirani."

"Na Shamila alipoondoka?"

"Kwa Saroj. Bibi yake alikataa asifungie hapa. Tulisema ni uzee."

"Uzee!" Bi Kuluthumu akatema mate pembeni. "Mama yako alijua anaishi na nini. Hapa misafara ilikuwa inatua mizigo kabla ya mji kujengwa. Wenye misafara walikuwa na vitu vyao vya kulinda njia, wengine waliviacha wakaenda zao pwani. Huyo wenu akisikia mtu anafunga mzigo anaamka. Hawezi kuvuka kizingiti peke yake. Mpaka abebwe, na abebwe kwa hiari na mtu wa nyumba hii."

"Tumtoeje?"

"Hatumtoi. Tunamchoma humuhumu uani. Na mnisikilize vizuri: mtakachosikia, mtakachoona, begi lisipite mlangoni."

Wakaliburuta hadi uani, wanawake watatu wazima, jasho likiwatoka. Bi Kuluthumu akafukiza ubani, akasoma Ayatul Kursiyyu, akamwaga mafuta ya taa, akawasha. Moto ukashika pembe moja. Kengele zikaanza kulia ndani ya kitambaa, za haraka haraka.

"Nani wewe?" Bi Kuluthumu akauliza.

"Mbebaji," ikajibu sauti ambayo haikuwa tena ya Shamila, nzito, kavu, inayokwaruza. "Nimewabebea pembe zao za ndovu. Nimewabebea watu wao waliofungwa shingo kwa shingo. Waliokufa njiani nimewabeba. Nikaachwa hapa kama kinu kilichopasuka. Sasa ni zamu yangu kubebwa."

"Utabebwa na moto, mlaaniwa!"

"Mtoto wa mlango wa buluu ana mgongo laini. Akikua ataweza."

Zamda akapiga ukelele. Bi Kuluthumu akapaza kisomo, moto ukapanda, na hapo ndipo sauti ikabadilika: ikawa Shamila analia, mama nakufa, mama nifungulie, mama mbona unanitazama, na Zamda akaziba masikio, akajua ni uongo, akajiambia ni uongo, akamshika Najiat mkono akimwambia ni uongo, mpaka kilipoanza kulia kile kilio kingine, kidogo, cha pua iliyoziba kwa mafua, kilio cha mtoto aliyemwona mchana uleule begani kwa mama yake, na zipu ikaachia kidogo, na kwenye mwanya ule, katikati ya moshi, vikatoka vidole vitano vidogo vikishika hewa.

Hakuna bibi ambaye angesimama tu akitazama.

Zamda alilibeba begi kifuani linawaka, akapita ukumbini, Najiat akimvuta gauni likachanika, Bi Kuluthumu akipiga kelele, "Liachie! Liachie!" na kwa kila hatua mzigo ulizidi kuwa mwepesi, mpaka alipovuka kizingiti ukawa si kitu tena, na yeye akaanguka barabarani amekumbatia kitambaa kinachofuka moshi. Ndani mlikuwa na majivu.

Upepo ukapita mtaani, wa baridi kali mno kwa mchana wa Tabora. Sikioni mwake mtu akasema, "Ahsante, mama."

Bi Kuluthumu alikaa kwenye baraza, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio wake. Hakumfokea tena. Alisema tu, "Umembeba."

"Kaenda wapi?"

"Kitu chenye njia hakiulizwi kimekwenda wapi. Safari yako uiache. Usimwonyeshe nyayo zako."

Zamda aliiacha. Alimpigia Shamila na Najiat akiwa shahidi kwamba simu ni simu, akamwambia mwili hauko sawa, daktari kamkataza kupanda ndege. Shamila alilia, Anton akachukua simu akasema pole kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. Koti likarudishwa kwa Saroj. Vidonda vya moto mikononi mwa Zamda vikapona taratibu, na bega nalo likapona. Nyumba ikawa kimya. Kila Ijumaa ilisomwa Yasini, mtoto akawa anaonekana kwenye picha amenenepa, ana meno mawili, mlango wa buluu umefungwa vizuri nyuma yake. Najiat akaanza kutania tena. Hata Zamda alithubutu kuamini kwamba kitu kile kilitaka njia tu, na njia kimepata.

Masika yalipoisha, asubuhi moja yeye yuko sokoni anachagua mchicha, simu ikaita.

"Mama, tumeshapita Kigwa!" Shamila alikuwa anapiga kelele juu ya kishindo cha treni. "Sadiki kaamka, anashangaa miembe. Usichelewe stesheni!"

Mchicha ukamtoka mkononi. "Umepita wapi?"

"Kigwa, mama. Anton kabaki na kazi zake. Nimefanya kama ulivyosema, sikumwambia Najiat, na ndege ya Tabora sikupanda, nimekuja kwa treni."

"Nani alikwambia uje?"

"Mama, jamani! Si wewe? Kila mchana unanipigia unalia unataka kumbeba mjukuu wako kabla hujafa." Kisha treni ikaunguruma na sauti ikakatika.

Zamda hakukumbuka alivyopata bodaboda. Alikumbuka tu alikuwa akimpiga dereva mgongoni akisema twende, baba, twende, na kwamba mjini kulikuwa na msafara wa harusi wenye matarumbeta uliowazuia, na kwamba alishuka akakimbia, kanga moja imedondoka, watu wakimpisha wakidhani amefiwa. Alipofika stesheni treni ilikuwa imekwishasimama na abiria wa mwisho wanashusha magunia. Akapita behewa hadi behewa akiita jina la mwanawe.

Mlinzi wa getini alimtazama, akamtazama tena.

"Mama, umesahau kitu?"

"Namtafuta binti yangu. Ana mtoto mchanga."

Mlinzi akacheka kwa wasiwasi. "Si umetoka naye sasa hivi? Mtoto umembeba wewe mwenyewe. Nimekusalimia hapa, hukunijibu."

Zamda akapiga simu, vidole vinateleza kwenye kioo. Iliita kwa muda mrefu. Shamila alipopokea aliongea kwa kunong'ona, na nyuma yake ulisikika mngurumo wa bajaji.

"Haloo? Wewe ni nani unayetumia namba ya mama yangu?"

"Shamila, ni mimi. Mwanangu, ni mimi mama yako, niko stesheni. Mchukue mtoto. Mchukue mtoto ushuke, ushuke sasa hivi!"

Ikasikika pumzi ya Shamila tu, inakatika katika. Halafu, karibu naye kabisa, Zamda akaisikia sauti yake mwenyewe, tulivu, yenye huruma, ikimbembeleza mwanawe kama alivyokuwa akimbembeleza utotoni alipoota ndoto mbaya.

"Kata, mwanangu. Huyo si mama yako."

Shamila akakata.