Sauti Chini ya Msumeno

Baba Pacha alikuwa fundi wa msumeno mkubwa katika kiwanda cha kupasulia mbao, na masikio yake yalianza kustaafu kabla ya mwenyewe. Mkewe akitaka kumpa siri ya chumbani ilimbidi apaze sauti, na asubuhi jirani wa ukuta wa pili alimsalimia kwa kicheko. Pacha wao, wasichana wa darasa la kwanza, walishajifunza kumvuta shati kwanza ndipo waseme. "Sikio la kufa halisikii dawa," mkewe alimtania kila alipomkuta akitikisa kichwa, akijaribu kuutoa ule mlio uliofanya makazi humo ndani. Baba Pacha alicheka naye, lakini kilimuuma. Aliogopa kwamba watoto watakua, sauti zao zitabadilika, na yeye hata hizi za utoto hatakuwa amezisikia.

Upande wa pili wa msumeno alisimama Shemeji, mdogo wa mkewe, mcheshi asiyejua kunyamaza. Baba Pacha ndiye aliyemtafutia kazi ile, na siku alipomchukua, mama mkwe alimshika mkono akamwambia, "Mwanangu, nakukabidhi huyu ana vidole kumi. Nataka nirudishiwe kumi."

Mama mkwe haoni vizuri, mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Kwa hiyo kila Jumapili mchana, ukoo ukikutana kwake, huiweka mikono ya Shemeji magotini mwake na kuhesabu vidole kwa kupapasa, kimoja baada ya kingine. Akifika kumi humpiga kofi dogo la kiganja na kusema, "Haya, kaleni." Ulikuwa utani wa nyumbani, ila hakuna aliyewahi kugusa sahani kabla ya hesabu hiyo.

Kiwandani kazi yao ilikwenda kwa mikono. Baba Pacha alisukuma gogo kwa kishikio cha chuma, msumeno ukalila, Shemeji akapokea ubao ulipotokea, kisha akaondoa magome yaliyokwama karibu na meno. Kati yao palikuwa na kelele ya kuziba dunia na wingu la vumbi la mbao. Ishara alitoa Shemeji: ngumi juu, ngoja. Kiganja wazi juu ya kichwa, sukuma. Bila kiganja, gogo halitembei.

Kisha akaja meneja mpya na maboksi. Ndani mlikuwa na vile vikinga masikio vikubwa vyenye maiki ndogo mdomoni, na siku ileile wafanyakazi wakavibatiza mabakuli. "Asiyevaa haingii," meneja akasema. Baba Pacha alivaa kwa shingo upande, akawasha msumeno, akabaki ameduwaa. Ule mngurumo ulizama kama jiwe kisimani. Mahali pake vikaja vitu vidogo: gome likidondoka, ndege akikwaruza bati la paa, na Shemeji akipumua sikioni mwake kana kwamba wamelala chumba kimoja.

"Shemeji, unanisikia?" Baba Pacha akauliza.

"Nakusikia mpaka njaa ya tumbo lako!"

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Mabakuli yaliunganika na simu, yakapiga muziki, na kazi ikawa tamu. Jioni hiyo Baba Pacha aliyapeleka nyumbani, akayavaa sebuleni kimyakimya. Pacha walikuwa chumba cha pili, wakinong'onezana nani kavunja kalamu ya mwenzake. Alisikia kila neno. Mkewe alimkuta analia, akakaa tu karibu yake.

Basi ndiyo ujue kwa nini alichelewa kuyaogopa.

Ilianza kwa mvumo. Wimbo ukipigwa, mtu alikuwa akiufuatisha kwa pua, chinichini, nusu hatua nyuma. Baba Pacha alidhani ni mchezo wa Shemeji.

"Punguza hiyo pua, ndugu yangu. Huna sauti."

"Mimi? Mimi nilidhani ni wewe."

Wote wawili wakanyamaza. Muziki ukaendelea, na yule mtu akaendelea. Wengine walikuwa mbali, kwenye malori, na mabakuli yao yalikuwa yametundikwa kwenye misumari ukutani. Shemeji akaangua kicheko, maana ndivyo alivyoumbwa, cha kuogopwa yeye hukichekea.

"Haya bwana mwimbaji," akasema kwenye maiki, "kama unaupenda wimbo, karibu nyumbani Jumapili. Kwa mama kuna spika kubwa!"

Kuvuma kukakoma papo hapo, kama mtu aliyepata alichokuja kukitafuta. Baba Pacha hakupenda. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, alitaka kusema, lakini gogo lilikuwa linasubiri.

Tangu siku hiyo hawakutulia. Shemeji aligeuka nyuma kila mara. Baba Pacha nyumbani alikula bila kujua anakula nini. Mikono nayo walikuwa wameshaiacha. Kwa nini uinue mkono nawe una mdomo?

Jumatano, jua la utosi, Shemeji alisema sikioni mwake, kwa upole, "Sukuma, shemeji. Njia nyeupe."

Akasukuma.

Ukelele aliousikia haukutoka kwenye mabakuli. Ulipita juu ya kila kitu. Alizima, akazunguka mbio, akamkuta Shemeji amekaa kwenye vumbi, mkono wa ovaroli umekatwa toka kiwikoni hadi mwisho. Ngozi ilikuwa nzima.

"Umenisukumia!"

"Si umeniambia sukuma?"

"Sijafungua mdomo! Wewe ndiye uliyeniambia umesimamisha, nitoe gome!"

Wakatazamana. Hakuna hata mmoja aliyesema uongo, na kila mmoja aliliona hilo usoni mwa mwenzake.

Aliyewasogelea alikuwa mama wa vumbi, mwanamke anayejaza vumbi la mbao kwenye magunia kwa ajili ya wafuga kuku. Yuko pale tangu enzi za tajiri wa kwanza. Yeye havai mabakuli, hujiziba masikio kwa pamba.

"Mmemsikia," akanong'ona. Halikuwa swali.

Aliwaeleza huku akiangalia mlangoni. Zamani msumeno ulikuwa mdogo, kelele zake haba, na watu waliitana kwa midomo. Ikawa mtu anaitwa na mwenzake, akienda, mwenzake hajamwita. Mpokea mbao mmoja aliambiwa aingize mkono, akaingiza. "Tulimzika pungufu. Mkono wake nimeutafuta mimi mwenyewe, vumbi lote nimelichekecha, sikuupata." Ndipo tajiri akanunua lile dude kubwa kuliko mahitaji yake, akakataza watu kusemeshana kazini, akawafundisha ishara. "Mnadhani kelele ile ilikuwa ya bure? Haikumfukuza. Ilimfunika tu."

"Na huyo mpokea mbao," Baba Pacha akauliza, "yeye aliitwa na nani?"

Mama wa vumbi akakaza kamba ya gunia. "Kwa sauti yangu."

Kisha akauliza, "Mmemjibu?"

Shemeji akatazama viatu vyake.

Wangeacha kazi siku ileile kama tumbo lingekuwa na subira. Walikubaliana hivi: mabakuli watayavaa maana meneja hacheki na mtu, lakini muziki basi, mazungumzo basi, maiki wataing'oa. Watarudi kwenye mikono. Sauti inaweza kuigwa, mkono unauona kwa macho yako. Baba Pacha alirudia maneno hayo njia nzima mpaka akayaamini.

Alhamisi ikapita salama. Ijumaa asubuhi ikapita. Ngumi, kiganja, ngumi, kiganja. Alianza hata kupiga mluzi.

Mchana, gogo la mwisho likiwa nusu, akasikia jina lake. Si la Baba Pacha. Lile la utotoni, ambalo mkewe alimwitia wakati wa uchumba na siku hizi hamwitii tena kwa sababu si jina la kupazwa. Lilikuja kwa sauti ya mkewe, ndani kabisa ya sikio, laini. Mabakuli yalikuwa yamezimwa.

Alijua. Walahi alijua. Lakini ilikuwa miaka hajanong'onezwa, na shingo ikageuka yenyewe.

Nyuma yake palikuwa na magogo tu.

Alipogeuka mbele, vumbi lilikuwa zito. Juu ya vumbi, kiganja kimeinuliwa. Wazi. Vidole vitano. Sukuma.

Mkono wake ukaanza kusukuma, kwa mazoea. Gogo likatembea. Msumeno ukauma.

Upepo ukapita mlangoni, vumbi likafunguka kidogo. Akamwona Shemeji. Ameinama, anavuta gome lililokwama chini ya meno. Mkono wa kulia uko kwenye gome. Wa kushoto umeshikilia ubao.

Na kiganja bado kiko juu.

Baba Pacha alikipiga kitufe chekundu kwa ngumi, akavuta kishikio kwa uzito wa mwili wote. Msumeno hausimami mara moja. Ulizunguka, ukazunguka, ukiimba kwa sauti inayoshuka, na yeye alipiga kelele mpaka koo likachanika, wala hajui alisema nini. Shemeji akaruka. Ncha ya glavu ikabaki kwenye meno ya chuma, tupu.

Kiganja kilishuka taratibu ndani ya vumbi, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kukishusha.

Hawakusubiri hata mshahara. Waliyaacha mabakuli juu ya gogo lile lililopasuliwa nusu, wakatoka getini wameshikana mikono kama watoto wa shule. Njiani Shemeji aliangalia vidole vyake tena na tena. Hakutania hata mara moja.

Jumapili walifika kwa mama mkwe mapema. Shemeji alikuwa ameoga mara mbili, shati jeupe, kucha amezisugua. Mchana ulikuwa mweupe, madirisha wazi, chakula kimeshafunikwa mezani. Mmoja wa pacha aliwasha spika kubwa, maana hakuna aliyekuwa amewaambia watoto lolote. Baba Pacha alifurahi, ajabu. Alikuwa amemrudisha mtoto wa watu mzima. Alikaa mkabala na mama mkwe ili aone hesabu kwa macho yake.

"Lete," mama mkwe akasema, akapiga magoti yake kwa viganja.

Shemeji akapiga magoti upande wake wa kulia, akampa mikono yote miwili. Mama mkwe akaanza. Moja. Mbili. Vidole vyake vya kizee vilipapasa kila kiungo, kila kucha. Nane. Tisa. Kumi.

Baba Pacha akashusha pumzi. Mkewe akafunua sahani ya kwanza.

Kofi halikupigwa.

Mama mkwe alinyoosha mkono wake wa kushoto, pembeni ya kiti, kwenye nafasi tupu. Ukakutana na kitu. Vidole vyake vikajikunja vikakishika.

"Kumi na moja," akasema. "Kumi na mbili."

Pacha wakacheka, wakidhani bibi anafanya vituko. Shemeji hakujitikisa. Mikono yake miwili ilikuwa juu ya goti la kulia la mama yake, Baba Pacha anaiona. Ndipo akasikia, kwa masikio yake mabovu, yasiyo na kitu chochote juu yake. Chini ya wimbo wa spika mtu alikuwa anavuma. Kwa pua. Nusu hatua nyuma.

"Kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na tano." Bibi akainua uso, akatabasamu kuelekea pembeni. "Mbona mwenzako hakunisalimia? Mkono wake baridi hivi, na hajanawa."

"Mama, usi..." Shemeji akaanza.

Lakini yeye alikuwa mama wa watu, na mgeni akiingia mlangoni mwake alikuwa na neno moja tu.

"Karibu, mwanangu," akasema, akaupiga mkono ule kofi dogo. "Haya, kaleni."

Kuvuma kukanyamaza. Wimbo ukaendelea peke yake. Mama mkwe akafungua kiganja chake cha kushoto, akakisugua kwa kidole gumba kwa mshangao. Kilikuwa kimejaa vumbi la mbao, bichi, lenye maji ya mti bado. Na mezani, mbele ya kiti cha mwisho ambacho hakijakaliwa, sahani nyingine ilikuwa imeshafunuliwa.