Ubao wa Rignald

Ndugu zangu, hili halikutokea mbali. Lilitokea hapa hapa Sorobon, kwenye ghuba yetu, nyumba ya pili kutoka kwangu, na wengi wenu mlikuwepo ufukweni siku ile. Kwa hiyo msinitazame kama ninaleta umbea.

Mnakumbuka nyumba ya Edsel asubuhi za Jumapili. Samaki anakaangwa, funchi, ugali wetu wa mahindi, inasongwa, watoto wawili wanagombania nani atangulie majini. Rignald alikuwa mwembamba, mwepesi, na alipenda kutoka nje ya mwamba na ubao wake mdogo wa tanga, kule mawimbi yanakovunjika. Nilva, mdogo wake, alirithi mwili mnene wa mama yao anayefanya kazi Uholanzi. Yeye alipenda maji tulivu ya ndani ya ghuba, juu ya ubao mpana, akizungusha tanga kama anacheza ngoma ya tumba.

Kisha ajali ya pikipiki ikamuua Rignald kwenye barabara ya Rincon, na nyumba ikanyamaza.

Edsel hakunywa pombe wala hakumpiga mtu. Lakini kila jioni aliuosha ubao wa marehemu kwa maji ya bomba, ubao ambao haukuwa umegusa bahari tangu afariki. Mezani sahani ya Rignald iliendelea kuwekwa, na Nilva alikula akiitazama. Mlingoti wa tanga la marehemu uliegemezwa ukutani, na upepo ulipopanda ulipita kwenye tundu lake ukalia sauti nyembamba, kama mtu anayepiga mluzi chumba cha pili.

"Baba akiusikia anatabasamu, shangazi," Nilva aliniambia. "Mimi nakosa usingizi."

Ilipokaribia Siku ya Marehemu, Edsel akatangaza mashindano ya kumkumbuka mwanawe, kutoka ndani ya ghuba hadi nje ya mwamba na kurudi. "Nilva atapanda ubao wa kakake," alisema mbele yangu.

"Baba, Novemba upepo haueleweki. Ule ubao haunibebi."

"Ulimbeba Rignald."

"Rignald alikuwa kama ufagio. Mimi nimekula funchi yako miaka yote hii."

Mimi nilicheka. Edsel hakucheka. "Unataka kumkumbuka kakako juu ya ile meza yako?" alisema. "Yeye hakuwa mtu wa visingizio."

Msiopanda mbao, nisikilizeni kidogo. Ubao mdogo unabebwa na kasi. Upepo ukivuma sawasawa, unaruka mawimbi na kugeuka upesi hadi raha. Upepo ukifa, nao unazama chini ya miguu yako, hasa ukiwa na mwili. Ubao mpana ni msumbufu kwenye mawimbi, lakini kwenye upepo hafifu unaelea na kuteleza polepole hadi nyumbani. Edsel ndiye aliyewafundisha haya nusu ya vijana wetu. Alijua, ila hakutaka kujua.

Siku yenyewe tulitoka makaburini, tukaacha mishumaa inawaka, tukashuka ufukweni. Upepo ulikuwa mzuri. Nilva akapita mlango wa ghuba mbele ya wote, na Edsel akanishika mkono. "Muone," akasema. "Ndiye yeye."

Hata mimi nilimwona Rignald, siwafichi.

Mara wingu la mvua likaja. Lilitanguliza upepo mkali, na nyuma yake upepo ukafa kabisa. Wenzake wenye mbao pana wakajikokota kurudi. Nilva tulimwona kwa mbali amesimama katikati ya bahari, maji kifuani, ubao umezama chini yake, na mkondo wa mlangoni unamvuta nje. Halafu mvua ikamfunika.

Wenye boti walikuwa bado makaburini. Edsel akanyakua ubao mpana wa Nilva, ule aliouita meza, akaingia ndani ya mvua.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Nilva. Alikuwa ameukumbatia ubao aliposikia sauti ya baba yake, karibu kabisa. Ilikuwa ikiita, "Rignald! Rignald!"

Hakuitika.

"Kwa nini, mwanangu?" nilimuuliza.

"Hakuwa ananiita mimi, shangazi. Nilidhani kaka yuko pale nyuma yangu. Niliogopa kugeuka."

Sauti ikampita, ikaenda, ikawa ndogo. Edsel mwenyewe anasema hakujua anaita nini, mpaka koo lilipomkauka kwa jina la mtu ambaye yeye mwenyewe alimwashia mshumaa kaburini asubuhi ile. Akaketi juu ya ubao akalia. Kisha akaita, "Nilva," kama anayemwita mtoto aje kula.

"Niko hapa, baba."

Walirudi wamelala wote wawili juu ya ile meza, wakipiga maji kwa mikono. Ubao wa Rignald, tanga na mlingoti, waliuacha uende na mkondo.

Sasa Nilva anaishi kwangu. Jumapili huenda kula kwa baba yake, na sahani mezani ni mbili. Ukuta hauna mlingoti tena, lakini upepo ukipanda Edsel bado husimama uani akisikiliza. Nilva naye hukaa nje ya mlango. Haingii mpaka aitwe kwa jina lake.

Mafunzo

Wazazi wenzangu, mlilieni marehemu, ni haki yake. Lakini aliye hai msimvike maisha ya aliyekufa, wala msimpime kwa uzito wa mwingine. Mtoto anayeitwa kwa jina lisilo lake hujifunza kunyamaza, na siku mtakayomhitaji aitike, hataitika. Jioni hii mkiwaita wenu waje kula, mwiteni kila mmoja kwa jina lake, na iwe ni yeye kweli mnayemngoja.