Gemu Kumi na Mbili za Wendelin

Mpunga ulikuwa umeanikwa kwenye turubai mbele ya nyumba. Oliva alikuwa akiugeuza kwa miguu na kufukuza kuku. Ilikuwa mwezi wa saba, na mtaani kwao Lipangalala, Ifakara, kila nyumba ilikuwa na turubai lake.

Mume wake, Wendelin, alikuja kutoka mjini akitabasamu.

"Mama Getrude, huu mpunga tuuze."

"Tuuze sasa? Bei ya mwezi huu ni ya kutupa. Na huu ni ada ya mtoto."

Mtoto huyo ni Getrude, binti yao wa pekee. Alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi. Masomo yangeanza Oktoba. Mpunga ule ulitengwa kwa ajili yake, usubiri bei ipande.

"Nisikilize," Wendelin alisema. "Clinton, yule kijana anayeuza simu karibu na stendi, anauza mashine ya gemu. Vijana wanalipa kila wakicheza. Tutafungua kibanda hapa nyumbani. Ikifika Oktoba, ada ipo na zaidi."

"Hizo gemu umeziona?"

"Ziko ndani ya mashine, kumi na mbili. Alizipakua kwenye intaneti."

"Kitu kisichoshikika unakinunuaje, baba Getrude?"

"Tutaandikishana kwa mwenyekiti."

Oliva aliendelea kugeuza mpunga. Kwa Wendelin, kuandikishana kulimaliza kila jambo. Alinunua kiwanja kwa kuandikishana. Alinunua ng'ombe, na hata baiskeli. Mnakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mnaleta mashahidi, mnatia sahihi, muhuri unagongwa. Hakuwahi kudhulumiwa hata mara moja. Akaona na gemu ni hivyo hivyo. Hapo ndipo alipokosea, na sisi wengi tungekosea pamoja naye.

Mpunga ukauzwa, na mwenyekiti akaandika kila kitu: mashine moja, pedi mbili za kuchezea, gemu kumi na mbili. Akauliza kama gemu zina alama, maana ng'ombe huandikwa na alama zake. Clinton akacheka, akamtajia majina ya gemu moja baada ya nyingine. Muhuri ukagongwa. Wendelin alikunja karatasi ile kwa uangalifu, akaitia mfuko wa shati.

Kibanda kilianza vizuri, tusiseme uongo. Shule zikifunga jioni, vijana walijaa kwenye benchi wakisubiri zamu. Gemu ya mpira ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Getrude alianza kununua vitu vya chuo, kidogo kidogo.

Jumamosi moja mwezi wa tisa, gemu ya mpira ilikataa kufunguka. Kwenye kioo ilitokea picha ya kufuli. Wendelin akajaribu gemu ya magari. Kufuli. Alijaribu zote kumi na mbili. Vijana wakadai hela zao na kuondoka.

Jirani yao, Ursula, ni fundi wa kompyuta. Oliva alimwita mbio.

"Shikamoo baba," Ursula alisema.

"Marahaba. Mwanangu, hii mashine imeharibika."

Ursula aliishika pedi, akaangalia kwa muda. "Mashine ni nzima, baba. Gemu ndizo si zako."

"Si zangu vipi? Karatasi hii hapa, ina muhuri!"

Ursula aliisoma karatasi yote. Alimwonea huruma, na ilionekana usoni.

"Baba, ukikodi shamba la mpunga kwa msimu mmoja, unaweza kumuuzia mtu mwingine shamba hilo?"

"Nitaliuzaje? Si langu. Nina ruhusa ya kulima tu."

"Basi gemu ya kupakua iko hivyo. Anayeilipia hupewa ruhusa ya kucheza. Ruhusa hiyo inakaa kwenye akaunti yake, yenye jina lake na neno lake la siri. Hawezi kuiuza kwa mtu, hata mkiandikishana. Mwenye akaunti akiwa kokote, anaweza kukufungia. Amekufungia."

"Mwenyekiti hawezi kumlazimisha?" Oliva aliuliza.

"Mama, karatasi inaonyesha mlilipa. Ipelekeni polisi, inaweza kusaidia kumdai Clinton. Lakini karatasi haiwezi kuzirudisha gemu."

Oliva alikaa chini mlangoni. Hakumlaumu mtu. Wendelin angependa alaumiwe.

Wendelin hakwenda polisi. Alikwenda kwa Clinton.

"Mzee, hata mimi niliuziwa," Clinton alisema kwa sauti ya chini. "Akaunti ni ya jamaa mmoja wa mtandaoni. Ameiuza kwa watu kibao. Hela yako imeshaisha, nakwambia ukweli. Ila nikimtumia huyo jamaa kitu kidogo, anafungua wiki moja. Ndani ya wiki hiyo tafuta mtu umuuzie. Mimi nilipobanwa ndivyo nilivyofanya."

"Nilikuwa mimi huyo mtu."

Clinton alitoa simu yake.

Ningependa kuwaambia kwamba Wendelin alikataa palepale. Hakukataa. Alimfikiria Getrude, akasema, "Haya, mwambie afungue."

Kufuli ziliondoka. Mteja hakuchelewa kupatikana. Aliitwa Sayi, mkulima wa Namawala. Yeye alikuwa na subira, aliuza mpunga wake bei ilipopanda. Alitaka kufungua kibanda kijijini kwake. Aliziona gemu zote zikicheza, akafurahi. Wendelin hakumwambia mkewe kitu. Alimchukua Sayi hadi kwa mwenyekiti.

Mwenyekiti alipomaliza kuandika, Sayi alimgeukia Wendelin.

"Wewe ni mtu mzima, mzee wangu. Mimi mambo haya siyajui. Hizi gemu zitadumu?"

Wendelin alikuwa ameshika kalamu. Ada yote ilikuwa mezani mbele yake.

"Hazidumu," alisema. "Zitafungwa wiki hii. Usinunue."

Akaeleza yote, mbele ya mwenyekiti na mashahidi. Msidhani alishukuriwa. Sayi alisimama, akakusanya hela yake.

"Umenitoa Namawala na baiskeli kuja kuniibia? Mtu mzima kama wewe! Huna aibu!"

Wendelin aliiacha kalamu mezani. Alirudi nyumbani kwa miguu, akawaambia Oliva na Getrude kila kitu, hata yale ya aibu. Getrude alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungemuuzia tu, baba," alisema. "Sisi nani alituonea huruma?"

"Getrude!" mama yake alimkemea. Lakini hata yeye alikuwa akilia.

Siku iliyofuata walikwenda polisi na karatasi yao. Maelezo yaliandikwa. Clinton alikuwa ameshafunga meza yake stendi. Wengine walisema yuko Mlimba, wengine walisema Dar es Salaam. Oktoba ilifika, ikapita. Nafasi ya Getrude chuoni alipewa mwingine.

Ursula ndiye aliyewashika mkono. Kwanza aliifuta mashine yote, akaunti ya zamani ikaondoka. Kisha alimfungulia Oliva akaunti yake mwenyewe, kwa jina lake na namba yake ya simu.

"Neno la siri usimpe mtu, mama. Hata mimi usinipe. Na ukitaka kupakua gemu, ilipie mwenyewe humu ndani, kwenye duka la mashine yenyewe. Anayekwambia anakuuzia akaunti yake, mkimbie."

"Na hili tundu la mbele ni la nini?" Oliva aliuliza.

"La diski. Hii ni bahati yenu, maana mashine nyingine hazina. Gemu ya diski unaishika mkononi. Ukiichoka, unaiuza. Hiyo ndiyo mnaweza kuandikishana. Lakini msilipe kabla hamjaijaribu hapa."

Walinunua diski moja iliyotumika, ya mpira. Waliijaribu kwanza, ndipo wakalipa. Baada ya miezi miwili wakanunua ya magari. Vijana walirudi, si wote. Mtu akija kumwuliza Wendelin habari za kununua akaunti, alimkalisha na kumsimulia kisa chote, pamoja na habari ya Sayi. Hiyo ilikuwa ngumu kuisema, na aliisema kila mara.

Msimu uliofuata mpunga haukuguswa mpaka bei ilipopanda. Oliva mwenyewe ndiye aliyesema siku ya kuuza. Kibanda kililipia godoro, sare na nauli. Getrude aliomba tena nafasi chuoni, akapata.

Wendelin alimsindikiza akiwa amebeba godoro kichwani. Getini walipokewa na Devota, msichana aliyemaliza shule pamoja na Getrude, darasa moja. Alikuwa amevaa sare ya mwaka wa pili.

"Karibu," Devota alisema. "Wanafunzi wapya wanapanga mstari kule."

Getrude alilichukua godoro kutoka kwa baba yake, akaenda kupanga mstari.