Tutatoa Taarifa Saa Kumi

"Ndanu, simu inaita na wewe unaitazama tu! Mafuriko yangekuwa ya kweli, mwenye kupiga angekuwa ameshazama."

Mishi Shee, mwalimu wao kutoka Lamu, alikuwa akizunguka meza za ukumbi ule wa ghorofa ya nne, Westlands. Maofisa wa mawasiliano wa shirika moja la uokoaji walikuwa katika siku ya pili ya mafunzo: namna ya kusema na watu janga linapotokea. Janga la leo lilikuwa la kubuni. Mto umevunja kingo, nyumba za Kabiria zimejaa maji. Wanahabari wakali na akina mama waliopotelewa na watoto, wote walikuwa mtu mmoja tu, Haron, aliyejifungia chumba cha pili na simu sita, akiwapigia na kuwaandikia kwenye simu zao wenyewe.

Sheria ilikuwa moja. Ujumbe wa mafunzo lazima uanze na neno ZOEZI. Usiokuwa nalo ni wa kweli, uchukuliwe kwa uzito wake. Lakini Haron ni mtu wa pupa. Tangu asubuhi alikuwa amesahau neno hilo mara tatu, nao wakacheka tu na kuendelea. Mvua ya kweli nayo ilikuwa ikigonga madirisha, wala hakuna aliyeitazama.

Ndanu hakuwa na hamu ya kucheka. Kesho Jumamosi wazee wa kina Kitheka, mchumba wake, walikuwa wapeleke kwao Mwingi mbuzi watatu wa ntheo, wale ambao wakishapokelewa, kila mtu anajua binti ameshapata mwenyewe. Na Jumatano yeye na Kitheka walikuwa wamegombana.

"Unaongea na Kenya nzima vizuri," Kitheka alimwambia, "lakini mimi nikikuuliza kama unanipenda, unasema tutaongea."

"Sasa unataka niseme nini?"

"Sema kitu, Ndanu! Kitu chochote!"

Hakusema. Kitheka akaenda zake, na tangu hapo kimya. Mbuzi wanaenda ama hawaendi? Ndanu hakujua, na aliogopa kuuliza.

Saa saba na nusu ujumbe uliingia kutoka namba asiyoijua: "Ndanu ni mimi. Maji yameingia kwa nyumba huku Kabiria, simu yangu imekufa, hii ni ya jirani. Nimechoka kubahatisha. Niambie tu, uko na mimi ama hauko?"

Hapakuwa na neno ZOEZI.

"Huyu Haron naye!" Ndanu alinung'unika, akaandika kama walivyofundishwa: "Asante kwa kuwasiliana nasi. Tunaelewa wasiwasi wako. Kwa sasa hatuwezi kuthibitisha lolote. Tutatoa taarifa saa kumi jioni."

Akatuma, akapokea simu nyingine.

Saa tisa walikaa kutathmini kazi. Mishi aliweka ukutani kwa projekta majibu waliyompelekea, kila moja na ujumbe wake, moja baada ya jingine, mpaka akafikia la Ndanu.

"Haya jamani, tazameni hili. Halikuahidi kitu, halikudanganya, na limetaja saa. Mpigieni makofi."

Wakapiga. Haron alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Lakini hiyo meseji si yangu," alisema.

"Si yako vipi?"

"Sijawahi kutuma hiyo. Hata hiyo namba siijui."

Ndanu aliusoma ule ujumbe upya, safari hii polepole. Ni mimi. Simu yangu imekufa. Uko na mimi ama hauko.

Alipiga simu ya Kitheka, haipatikani. Akapiga ile namba.

"Halo? Naongea na nani?"

"Sifuna, fundi wa viatu. Na wewe ndiye yule wa taarifa?"

"Aki ndiyo. Kitheka yuko wapi?"

"Ako hapa nje anaanika godoro. Madam, uliandika nini? Kijana ameniuliza, Sifuna, hii 'hatuwezi kuthibitisha' ni ndiyo ama ni la? Mimi nimeshindwa."

"Amewaambia wazee wasiende?"

"Walikuwa waanze safari leo, amewaambia wasipakie mbuzi mpaka saa kumi. Si ulisema saa kumi?"

Ndanu alitazama saa. Tisa na dakika ishirini. Machozi yalimtoka mbele ya wenzake wote. Yaani alimjibu hivyo, na bado mtu wa watu akasubiri!

"Mwanangu," Mishi alisema, "nimekufundisha nini kuhusu saa? Ukiitaja, itimize. Ondoka!"

Alichukua boda, akanyeshewa njia nzima. Kabiria alimkuta Kitheka chini ya paa la kibanda cha Sifuna, suruali kaikunja hadi magotini, viatu mkononi.

"Kumi kasoro dakika mbili," Kitheka alisema bila kumtazama. "Taarifa iko?"

"Nilidhani ni zoezi."

"Zoezi gani?"

Ndanu alieleza. Haron, simu sita, mafuriko ya kubuni, neno lililosahauliwa. Alivyozidi kueleza ndivyo mambo yalivyozidi kuvurugika. Kitheka alikunja uso.

"Ati kuna mtu amekaa mahali anajifanya mimi?"

"Si wewe hasa. Mtu kama wewe."

"Sawa. Na mtu kama mimi, nyumba yake ikijaa maji, ndivyo mnamjibu?"

Swali lilimchoma Ndanu kuliko lile la Jumatano.

"Ndiyo," alisema mwishowe. "Na nilipigiwa makofi."

Simu ya Sifuna ikaita. Kitheka akabonyeza, sauti nzito ikasikika mpaka nje ya kibanda.

"Kitheka! Mjomba wako Muthama hapa. Saa imefika na gari linanguruma. Tupakie mbuzi ama tuwarudishe zizini?"

Kitheka alimnyooshea Ndanu ile simu.

"Ongea wewe. Si ndiyo kazi yako?"

Ndanu aliipokea. Binti hazungumzi na wazee wa mume kuhusu mbuzi wake mwenyewe, hilo alilijua tangu utoto. Maneno ya ofisini yalimjia mdomoni yenyewe, tunashukuru, tunaelewa, akayameza.

"Mjomba, ni Ndanu. Nampenda Kitheka. Nampenda sana, na sijawahi kumwambia vizuri hata siku moja, nimekuwa naogopa tu. Kama bado ananitaka na hii akili yangu, basi mje. Pakieni mbuzi."

Upande wa pili mbuzi mmoja akalia.

"Msichana," Muthama alisema, "mimi nimeuliza mbuzi tu."

Sifuna aliangusha nyundo kwa kicheko. Ndanu alijifunika uso kwa aibu, na alipotoa mikono, Kitheka alikuwa amesimama mbele yake na viatu vimeanguka matopeni.

"Rudia," alisema.

"Pakieni mbuzi?"

"Hapana. Ile ya kabla ya mbuzi."

Akarudia.