Jumatatu Bila Misuko

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema wazee. Mimi nililisikia la mkuu, nikalitii neno kwa neno, na ndipo nilipoumia.

Mkuu mwenyewe alikuwa Madamu Rosine, mwalimu wa nidhamu wa shule yetu hapa Goma. Kila Ijumaa aliandika ubaoni mtindo wa nywele ambao wasichana wote walipaswa kuja nao Jumatatu. Wiki ile aliandika: mistari kumi na miwili, kuelekea nyuma, kwa uzi mweusi. Asiyesukwa hivyo alirudishwa langoni. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya misa, uwanja wetu wa mtaa wa Mapendo ulijaa wasichana waliokaa juu ya mawe meusi ya volkano, kila mmoja kichwa chake kikiwa katikati ya magoti ya mwenzake.

Aliyenisuka mimi ni Christa, jirani yangu na mwenzangu wa dawati.

"Wivine, hii nywele yako iko inakuja mukononi!" alisema, akinionyesha kifungu kizima. "Na ngozi ni nyekundu. Haikuwashi?"

"Kaza tu. Ukikaza, mapengo yatajifunga."

Sikumwambia ukweli. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na homa ya ini, na kila Jumatano nilichomwa sindano kwenye kituo cha afya. Sindano zilikuwa arobaini na nane. Nilikuwa nimefika ya thelathini na moja. Siku ya kwanza kabisa, mwuguzi Birindwa alinionya: "Hii dawa inaweza kupunguza nywele na kufanya kichwa kiwashe. Ukiona hivyo, kuja uniambie." Niliona, nikanyamaza.

Christa alikaza. Jumatatu nilipita langoni bila neno, ila sikuweza hata kupepesa macho bila maumivu. Katika somo la hesabu nilijikuna kwa kalamu, na msuko mmoja ukaanguka juu ya daftari, pamoja na mizizi yake, ukiwa na tone la damu. Samy, aliyekaa nyuma yangu, akapiga kelele:

"Mutazame! Kichwa ya Wivine iko kama Munigi kisha volkano! Huku majani, huku mawe matupu!"

Darasa zima lilicheka, maana wote tulikijua kijiji cha Munigi, kilichofunikwa na lava. Nilijifunika kwa sweta mpaka kengele ilipolia.

Jumatano sikwenda kwenye kituo cha afya. Nilijiambia: bila sindano, nywele zitabaki. Mama alikuwa kijijini Kibumba, akinunua kabichi na vitunguu vya kuuza. Aliporudi aliniuliza, "Umechomwa sindano?"

"Ndiyo, mama."

Mama alikuwa na desturi ya kuchora mstari wa makaa nyuma ya mlango kwa kila sindano. Asubuhi ya Alhamisi aliuchora wa thelathini na mbili huku akiimba. "Bado kumi na sita tu, mutoto wangu! Tutafika!"

Wimbo wake ulinichoma kuliko sindano zote.

"Mama, futa huo. Sikwenda."

Alinigeukia, kipande cha makaa mkononi. "Juu ya nini hukuenda?"

Nilivua kitambaa nilichokuwa nimejifunga kichwani tangu Jumatatu. Mama aliona vidonda kati ya mistari, akakaa kitako sakafuni.

"Nisamehe, mama. Nimekudanganya."

"Nimekusamehe," alisema, akainuka. "Vaa viatu."

Birindwa alinitazama kichwani, akatikisa chake. "Weye, Wivine! Nywele itarudi dawa ikiisha. Ini uko nayo moja tu!" Akafungua faili langu. "Vipimo vyako viko hapa. Virusi vimepungua sana. Uko unashinda, na weye unataka kukimbia uwanja?"

Nililia na kucheka pamoja. Alinichoma sindano ya thelathini na mbili, akatuambia la kufanya: tufumue misuko yote, tupunguze nywele, tuoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, tupake dawa aliyonipa, na dawa za kulainisha nywele zisiguse kichwa changu. "Wembe, mkasi na sindano ya kushonea nywele, usitumie na mutu mwingine, kwani ugonjwa huu hupita katika damu. Sahani, benchi na kusalimiana kwa mikono havina neno." Kisha akaandika barua kwa shule.

Niwaambie mapema: tangu siku ile sikukosa sindano hata moja. Zilipokwisha zote arobaini na nane, nywele zilirudi, nyingi na nyeusi.

Lakini Jumatatu iliyofuata hazikuwapo. Mama alikuwa amezikata karibu zote. Kuwasha kulikuwa kumetulia, na kitambaa nilikiacha nyumbani kwa makusudi.

"Wivine!" Madamu Rosine alinisimamisha langoni mbele ya shule nzima. "Misuko iko wapi?"

"Imebaki nyumbani, Madamu, pamoja na nywele zenyewe."

Nilimpa barua. Kabla hajaifungua, niliwageukia wenzangu, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Niko na homa ya ini. Niko ninatibiwa, na ninapona."

"Sasa tukikula pamoja na weye?" Samy aliuliza.

"Kula tu. Nitakumalizia ndizi zako!"

Safari hii kicheko kilikuwa changu. Christa alikuja akasimama kando yangu, akanishika mkono.

Madamu Rosine aliisoma barua mara mbili, kisha akainua kichwa. "Sikilizeni. Kanuni ya nywele niliiweka ili mupendeze, si ili muumie. Kuanzia leo, mwenye kichwa kinachouma atakuja alivyo. Na ninyi, mutoto akiumwa aseme mapema. Ugonjwa uliosemwa hutibiwa, uliofichwa hukua."

Wasichana walipiga makofi. Madamu aliwanyamazisha, akaninong'oneza:

"Lakini umekuja hivi bila kuniomba ruhusa. Omba radhi, yaishe."

Nilimtazama machoni kwa heshima yote niliyonayo.

"Kwa kumdanganya mama niliomba radhi, Madamu. Kwa kichwa hiki, siombi."